Camino wa Mtaa wa Estafeta

Stuttgart, 4 Mei 1975

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za siku nyingi, na nyonga yako inaendeleaje sasa baridi imepungua? Mimi mzima, ila mikono inanuka grisi ya kiwandani hata nikiisugua kwa ndimu.

Jirani yetu Presen ameniandikia kwamba marufuku imeondolewa: wanawake nao wanaruhusiwa kukimbia mbele ya mafahali mitaani, kwenye sikukuu yetu ya Julai. Nilisoma barua yake kwenye tramu nikapitiliza kituo changu. Unakumbuka nilipokuwa msichana, yule polisi alivyonitoa kwenye njia ya mafahali kwa kunivuta nywele, akanileta nyumbani mtaa mzima ukitazama? Wewe ukamwambia asante. Iliniuma sana.

Nimeomba likizo ya Julai. Kila asubuhi nakimbia kando ya mto kabla ya kazi, Wajerumani wanadhani nimeibiwa. Nakuja Pamplona kukimbia, baba, na nataka nikimbie kwa baraka zako.

Mwanao,
Camino

*

Pamplona, 19 Mei 1975

Binti yangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia u mzima. Nyonga ni ile ile, inajua mvua kabla ya redio.

Yule polisi nilimshukuru kwa sababu alikuleta ukiwa mzima. Leo ningemshukuru tena.

Baraka za kuja nyumbani unazo. Za kukimbia huna. Nimesimamisha boma la mbao la njia ile kwa mikono yangu tangu ujana, na kila nikimaliza kukagua makomeo nilikuwa nakimbia mimi pia, kwa hiyo usinieleze utamu wake. Mwisho fahali akanibandika kwenye ubao nilioupigilia mwenyewe. Mama yako, Mungu amrehemu, alinilisha kwa kijiko hadi Krismasi. Sasa nimebaki na wewe tu. Nani atamlisha nani?

Wenzangu wa chama cha wakimbiaji wanasema mahali pa mwanamke ni balkonini. Hayo ni yao. Mimi namzungumzia mwanamke mmoja.

Ukija kutembea, mlango uko wazi. Ukija kukimbia, kalale kwingine.

Baba yako,
Saturnino

*

Stuttgart, 2 Juni 1975

Baba,

Shikamoo. Nakuombea afya. Nimekuelewa, na sijakasirika. Nitalala kwa Presen na nitakimbia tarehe tisa Julai. Nakwambia wazi kwa sababu sitaki uzipate habari zangu dukani kwa muuza mikate.

Mwanao,
Camino

*

Pamplona, 8 Julai 1975, kwa mkono wa Presen

Camino,

Pole na safari. Presen anasema umekonda lakini unakula kama seremala. Hilo limenituliza kidogo.

Baraka bado sijatoa. Haya ni maelekezo tu.

Usianzie mtaa wa Santo Domingo, pale mafahali wanatoka zizini na nguvu zote. Usisimame upande wa nje wa kona ya kuingilia Estafeta, wanateleza na kubamiza ukuta. Subiri katikati ya Estafeta. Usiwatazame mafahali, watazame watu: nyuso zao zikibadilika, ondoka. Usimguse mnyama, usimsukume mtu. Na ukianguka, baki chini, funika kichwa. Usiinuke hata ukisikia kimya, mpaka mtu akuguse bega.

Mimi niliinuka.

Baba yako,
Saturnino

*

Stuttgart, 16 Julai 1975

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimerudi salama, goti tu limechubuka.

Nilisimama mahali uliponielekeza, nimevaa nyeupe, kitambaa chekundu shingoni, gazeti nimeliviringisha mkononi kama wakimbiaji wengine. Kando yangu kulikuwa na Eladio muuza nyama, mwenzako wa chama. Akaniuliza kama nimepotea, maana balkoni ziko juu. Nikamwambia nimemwachia yeye nafasi yangu. Watu wakacheka, naye akanuna.

Fataki ya kuwafungulia mafahali ikalia. Nikatazama nyuso. Zikabadilika, nikaondoka.

Baba, sikujua kama mtu anaweza kukimbia vile. Nilisikia kwato kifuani mwangu kabla ya masikioni. Kisha wanaume walionizunguka wakatawanyika na nikabaki mimi na fahali mmoja mwekundu, gazeti langu karibu liguse pua yake, pumzi yake ya moto mgongoni. Tulikwenda hivyo, mimi na yeye, duka baada ya duka. Sikuogopa. Nilikuwa nacheka.

Mbele yangu Eladio akaanguka, nikamwangukia. Nikabaki chini. Mafahali na maksai wanaowaongoza wakatupita juu na kando, kisha kukawa kimya. Eladio akaanza kuinuka. Nikamshika mkanda wake mwekundu nikamrudisha chini kwa nguvu zangu zote, akinitukana. Hapo ndipo akaja fahali mweusi aliyeachwa na wenzake. Akaruka juu yetu, akaenda zake.

Mtu alipotugusa bega, Eladio alibaki amekaa chini. Akaniuliza, “Wewe ni binti wa nani?” Nikamwambia wa Saturnino seremala. Akavua kofia.

Nilikuja kubisha hodi kwako. Nilibisha mpaka nikachoka, na treni ya mchana isingenisubiri. Kama ulikuwa ndani, nimekusamehe.

Mwanao,
Camino

*

Pamplona, 27 Julai 1975

Camino, mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena. Goti lipake siki.

Sikuwa ndani. Nilikuwa balkonini kwa binamu yake Presen, katikati ya akina mama, Presen amenishika mkanda nisijirushe. Nilikuona ukija. Nilimwona yule mwekundu. Nimeitazama njia hiyo maisha yangu yote, na sijaona mtu akikimbia vizuri kuliko wewe. Ulipoanguka nilifumba macho. Nilipofumbua ulikuwa bado chini, umelala kama nilivyokwambia, nikalia mbele za watu.

Ngazi zile na nyonga hii hazipatani. Nilipofika chini ulishaondoka. Nikakutafuta kwa madaktari, kwenye uwanja mafahali wanakoishia, kwa Presen, mwisho stesheni, nikaona mkia wa treni.

Jioni nilikwenda chamani. Eladio alikuwa anasimulia, na mmoja akasema ni bahati tu. Nikapanda juu ya kiti, nikasema, “Yule nimemfundisha mimi.” Wakaimba jina lako mpaka madirisha yakatetemeka, na Eladio ndiye aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Baraka zangu zimechelewa, lakini zichukue zote: za mwaka huu na za kila Julai utakayotaka.

Jambo moja tu linanisumbua. Jina langu limepotea mjini hapa. Kwa muuza mikate, kanisani, sokoni, watu wananisimamisha na hakuna anayeniita Saturnino tena. Nimejaribu kukasirika, nimeshindwa.

Ni mimi,
Baba Camino