Mheshimiwa Aliyetafsiri Lawama Zake

Shosho wangu mpendwa,

Miguu inaendeleaje? Hapa Kitengela vumbi linaingia hadi kwa chai, lakini niko salama kwa Dada Wanjiru.

Jana tulienda mkutano wa wananchi. Mwakilishi wadi wao, mwanamume wa makamo, anataka kaunti iwajengee soko. Alipofungua ramani, watu wakapiga makofi. Kisha mama mmoja mzee akasimama, akaongea Kimaasai kwa uchungu. Mkalimani hakuwa amekuja, basi mheshimiwa mwenyewe akashika maikrofoni akatutafsiria.

"Mama anasema soko hili nimeliweka juu ya njia ya ng'ombe ya kwenda kisimani. Anasema nilichunga hapo nikiwa mdogo, na sasa nimeisahau kwa sababu nakula na wenye ploti."

Wanjiru, ambaye Kimaasai anakisikia vizuri, akaninong'oneza, "Hajapunguza hata neno."

Mheshimiwa akakunja ramani, akamwendea mama na kumwinamishia kichwa, vile Wamaasai huamkua wazee. Mama akamgusa utosini.

"Twende unionyeshe," mheshimiwa akamwambia.

Tukawafuata sote juani hadi kisimani, na mchoraji wa kaunti aliyekuja na mheshimiwa akasogeza soko kwenye ramani hadi upande wa barabara. Tukirudi, mama alikuwa anamuuliza mheshimiwa kama litakuwa na mashine ya kupoza maziwa.

Mungu akupe mvua ya kutosha na usingizi mtamu, Shosho. Nimekumiss sana.

Mjukuu wako,
Wangari