Dada, Wamekuzika na Malaria

Dada yangu Otilia,

Tumekuzika Ruhuwiko na mvua ikinyesha, na ugonjwa uliokuua haukutajwa. Nakuandikia hadharani kwa sababu wewe ulitaka utajwe hadharani.

Kliniki ya VVU ulikuwa mfano. Muuguzi akipata mgonjwa mpya anayelia, alikuita: "Mama Neema, njoo umwoneshe huyu jinsi mtu anavyonenepa kwa dawa." Ulishika kiuno ukageuka kama bibi harusi. Siku ya msiba wa mama ulimeza dawa katikati ya waombolezaji, ukashushia na togwa. Virusi vilishuka hadi kipimo hakikuviona.

Kisha tumbo likavimba. Wenzako wa gengeni Msamala wakakutania: "Shoga, umri huu unabeba? Mtaje baba!"

"Baba yake mumeo," ukajibu. Mlicheka wote. Macho yako yalikuwa tayari ya njano.

Daktari hakuzunguka: saratani ya ini, iliyotokana na homa ya ini iliyokaa mwilini miaka mingi bila kupimwa. Wanaoishi na VVU wamo hatarini zaidi. Akaongeza kwamba mama huweza kumwambukiza mtoto anapojifungua, hivyo Neema apimwe. Ukaniambia, "Mwanangu mimi hanisikii. Siku ya kunizika mtaje ugonjwa wangu kwenye kipaza sauti. Pale hata mkaidi husikia."

Msemaji wa familia alikuwa baba mkubwa. Nilimweleza wosia wako. "Ukitaja ini, watauliza limeharibiwa na nini," akasema. "Malaria haina maswali." Akasimama kaburini akatangaza malaria ya ghafla. Ghafla, nasi tulikuwa tukikupeleka hospitali tangu mahindi yapandwe! Nyuma yangu mama mmoja akanong'ona, "Malaria wapi? Alikuwa anavitupa vidonge vyake huyo."

Hata uaminifu wako kwa dawa wamekunyang'anya.

Baada ya maziko nilimvuta Neema kando, mtoto wake mgongoni, nikamwambia yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mjomba, babu kasema malaria mbele ya watu wote. Ini unalisema wewe peke yako. Nikapime, mume wangu asikie, aniache?" Akakaza mbeleko, akapanda pikipiki kurudi Namtumbo.

Nimempigia tena na tena. Sasa simu anapokea mumewe, ananijibu kwamba mkewe ni mzima.

Pumzika, dada. Ila usidhani ulisikilizwa.

Mdogo wako wa kiume