Kusapoti, ulivyonifundisha ngazini

Ndugu yangu Deo,

Ujumbe wako umenifikia hapa Mtoni. Unasema Jumamosi wabebaji wenzetu wanachagua mwenyekiti, na unaomba nikusapoti. Nimeusoma nikiwa nimekaa, maana kusimama kwa muda mrefu bado siwezi.

Neno hilo ulinifundisha wewe. Mie niliishia darasa la tano, wewe ulipita seminari kabla hatujaondoka Kasulu pamoja. Unalikumbuka lile friji tulilopandisha ghorofa ya nne kule Temeke? Tulipumzika ngazini, ukanipa maji, ukaniambia kusapoti ni neno la Kiingereza lililotoka kwenye Kilatini cha mapadri, na maana yake ni kubeba kutokea chini.

"Kwa hiyo mie niliye chini ndiye ninayesapoti," nikasema. "Na wewe huko juu?"

"Mie naongoza msafara, mzee. Beba, acha maswali!"

Tulicheka mpaka mwenye friji akatufokea.

Mjini hapa kila mtu ana neno hilo. Anayechangia harusi anasapoti, anayeshangilia timu anasapoti, hata anayebonyeza kidole kwenye simu. Mie nilibaki na maana yako. Kila mzigo mzito nilishika upande wa chini, kwa sababu juu ulikuwepo wewe.

Halafu likaja lile kabati. Simu yako iliita, ukaachia mkono mmoja uitoe mfukoni, kabati likanishukia kiunoni. Hilo nilikusamehe palepale, nikiwa bado chini yake. Mtu husahau.

Ila tajiri alipofika akauliza kulikoni, ulimwambia, "Huyu kaja kalewa, bosi." Deo! Pombe sijawahi kuionja, na hakuna anayelijua hilo kuliko wewe uliyelala nami chumba kimoja. Nilifukuzwa kazi nikiwa nimelala sakafuni. Sasa wenzetu wakinipigia simu wanaanza na "Vipi, mlevi, umeamka?" Wao wanatania, lakini hakuna tajiri anayetaka kunichukua. Wewe hujaja hata kunijulia hali. Umenikumbuka leo, kwa ajili ya kura.

Jumamosi nitakuja, hata kwa fimbo. Sitakutukana. Nitawaeleza ilivyokuwa, kisha nitakuuliza mbele yao kama nilikuwa nimelewa. Jibu lolote utakalotoa, utalitoa ukinitazama.

Aliyekuwa ndugu yako,
Yohana