Nilisafisha tumbo ya baba, sasa haniangalii

Mupendwa mushauri, naomba unisome mpaka mwisho mbele ya kunigombeza. Mi ni Ntumba wa Kasungami, niko nachunga baba yangu, Mzee Mbuyi, mikono yake inatetemeka, munganga alisema ni Parkinson, akamupa dawa ya kila siku, lakini nikasikia munganga mwingine kwa radio anasema ile ugonjwa pengine inaanzia mu tumbo, kwa vijidudu, na kweli baba alianza kufunga choo miaka kumi mbele ya kutetemeka, basi nikaficha dawa, nikatwanga pilipili na tangawizi, nikachukua poire, ile mupira ya lavement, ya kusukuma maji ya dawa mu tumbo kupitia nyuma, maana siye huku hata homa tunaipigia lavement. Baba akasema: «Ntumba, mutoto mwanamuke haonake uchi ya baba yake.» Nikalia. Akageukia ukuta, akakubali. Siku ine sasa. Hawezi tena kusimama, na haniangalii mu macho. Niendelee mpaka vijidudu viishe, ao nimeharibu baba?

Ntumba mwanangu, nimefika mwisho, sasa nakugombeza. Munganga wa radio alisema «pengine». Ile neno uliiacha kwa radio, ukatoka na pilipili. Wanganga wenye kuchunguza bado wanatafuta kama vijidudu vya tumbo viko na mukono mu ile ugonjwa. Hakuna mwenye alisema vichomwe. Vingi vinatutumikia, na lavement haichagulake.

Kukata ile dawa gafula ni hatari. Leo, mbele ya kupika, mupeleke baba kwa munganga wake. Sema yote, hata pilipili. Yeye ndiye atajua namna ya kurudisha dawa. Choo ngumu nayo iko na dawa yake, uliza. Poire, tupa.

Unazani baba amekasirika. Mwenye kasirani angekufukuza. Huyu alikuona unalia, akatoa heshima yake ili moyo yako itulie. Baba iko na haya, mwanangu, haya tu. Piga magoti, omba musamaha. Kama kwenu kosa ya vile inalipwa na kuku, lipa, usibishane. Kumuogesha, mwachie mwanaume wa ukoo.

Na mu taxi ya kwenda kwa munganga usikae mbele yake. Kaa pembeni, mushikie mukono, nyamaza. Siku atataka kukuona, atageuza kichwa mwenyewe.