Vyembe vya Bosi

Jumamosi, 6 Septemba

Shamba tena, mara baada ya Alfajiri, kabla jua halijaanza ubaya wake. Nimepanga boksi la sponji la shabaha, nimevuta ugwe, nimempa Bosi upinde wake, ule wenye kitako kama bunduki na darubini juu. Bega lake bovu, kuvuta hawezi. Ndiyo maana nipo, mimi dereva wake.

Kwa vyembe vya mazoezi, vile vichwa vyembamba vya mishale, mishale yote ilikaa pamoja, unaifunika kwa kiganja. Bosi akacheka. Tukafunga vyembe vya kuwindia, vile vipana vyenye makali kama wembe. Wa kwanza kushoto. Wa pili juu. Wa tatu ukalikosa boksi lote, nikautafuta mchangani kwa reki.

Bosi kanuna. Hawindi kwa kubahatisha, anasema, kumjeruhi mnyama akatokomee porini ni dhambi. Hadi Jumatatu ya tarehe 15 upinde usiponyooka, safari ya Tanzania basi, anaipeleka familia Ulaya.

Na nafasi yangu iko katika safari hiyo. Kaniahidi: wakimaliza kuwinda, wiki moja kwetu Kondoa. Mzee wangu ana presha ya macho. Jicho moja limeshafunga, la pili linafuata, na daktari kasema lililopotea halirudi. Likizo yangu ya kurudi nyumbani ni mwakani. Mwakani ataona nini?

Njiani kishikio cha simu kimeanguka tena kutoka kwenye dashibodi. Nimekibandika. Kinaudhi.

Jumapili, 7 Septemba

Leo lawama kwa darubini. Nimekaza kila skrubu. Kisha tukaisogeza ili ifuate vyembe vinakokwenda. Matokeo: vya mazoezi navyo vinakosa, vya kuwindia bado vinatawanyika. Jioni nzima nimerudisha kila kitu kilipokuwa.

Jumanne, 9 Septemba

Fahadi, mpwa wa Bosi, kaja kutoka Lusail na video kwenye simu. Kijana mwema, sina neno naye. Video inasema ugwe ukivutwa zaidi upande mmoja, mshale unatoka upogo. Nimeutia alama za peni pande zote mbili, nimevuta kwa kamba maalumu ya upinde, sawa kwa sawa. Afadhali kidogo. Afadhali kidogo haiui swala.

Nimeazima mizani ya jikoni kupima vyembe. Uzito mmoja vyote. Mizani ikarudi na grisi, na Mwende, mpishi wetu kutoka Kitui, hakuniacha.

"Wee Rajabu, si uwaambie tu waende butchery? Hii maneno ya mishale itakumaliza!"

Inanimaliza kweli.

Jumatano, 10 Septemba

Nimezungusha mshale kwenye kucha ya kidole gumba. Ncha inatikisika. Nikasema nimempata mchawi, chembe kimepinda. Nikafungua pakiti mpya. Inatikisika vilevile. Nimetukana, Mungu anisamehe.

Mzee kapiga simu. Ameshatenga mbuzi wa kunipokea. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia habari za vyembe.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimempeleka Mama, mke wa Bosi, kwa dada yake, mtaa wa Abu Hamour. Nikiwa namsubiri garini, kishikio cha simu kikaanguka mapajani. Gundi imekuwa uji. Nikataka kukitupa dirishani. Badala yake nikakaa nakitazama.

Nikashuka, nikafungua buti. Mishale inalala humo tangu Juni, maana Mama hataki vitu vya makali ndani, wajukuu wanagusa kila kitu. Nikaminya ncha ya mmoja kwa koleo, nikazungusha. Kile kichuma cha ndani, ambamo chembe hufungwa, kikazunguka kama jino bovu. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu kikatoka chote.

Gundi inayokishika! Kila mchana inayeyuka, kila usiku inaganda, na ikiganda inashika kombo. Vyembe vya mazoezi ni vyembamba, kombo hiyo haivisumbui. Vya kuwindia ni vipana, vinashika upepo na kwenda vinakotaka vyenyewe. Wiki nzima nagombana na darubini, kumbe ni buti la gari.

Nikanunua gundi ngumu, ile ya kuchanganya mirija miwili. Nimeng'oa, nimesafisha, nimebandika upya, kila mshale nauzungusha mpaka ncha inatulia. Imelala chumbani kwangu, chini ya eisii, kwenye ubaridi.

Jumamosi, 13 Septemba

Wa kwanza katikati. Wa pili ubavuni mwake, ukakata manyoya ya mwenzake. Wa tatu palepale. Vyembe vya kuwindia, Alhamdulillah!

Bosi kanikumbatia, jasho na vumbi na yote. Fahadi akaomba ajaribu. Akavuta ugwe kwa kufuata alama zangu, akapiga. Katikati. Nikashangilia. Mimi mwenyewe nilishangilia.

Jumatatu, 15 Septemba

Bosi kaniita majlisi, chumba chake cha wageni. Asante nyingi. Kanipa saa ya mkononi. Kisha akasema upinde sasa hauna tabu, Fahadi atavuta, mimi nibaki nimwendeshe Mama, na wajukuu niwapeleke shuleni. Inshallah mwakani.

Nikamkumbusha habari za macho ya Mzee. Akasema atamtumia dawa. Alisema kwa upole, na upole wake ndio unaoniuma.

Nina hasira. Ningeacha vyembe vitawanyike, safari ingekufa. Nimevinyoosha, mimi ndiye nimekatwa. Kote kote nimeliwa.

Jumatano, 17 Septemba

Nimepakia mapema, Bosi na Fahadi wakachelewa kutoka. Boksi la mishale kwenye buti, gari limezimwa, jua limesimama juu yake. Sijui kama hii gundi mpya ingehimili. Nilitaka kujua. Nilisimama pale nikiwa na roho mbaya kabisa. Kisha nikalitoa, nikalishika kivulini hadi waliposhuka. Swala hajanikosea.

Uwanja wa ndege Bosi alinipigapiga bega. Fahadi alinipa mkono, hakunitazama usoni.

Nikampigia Mzee kutoka maegesho. Nikamwambia siji. Akauliza kama mbuzi amrudishe zizini. Nikasema wamchinje, wale.

"Haya," akasema. "Basi nitumie picha, baba. Kubwa."

Nimepita studio ya picha, mtaa wa Rayyan. Kuna jirani wa Kondoa anaondoka Ijumaa, ataibeba. Nimeagiza saizi kubwa kuliko zote walizo nazo. Mpiga picha akauliza nataka kutazama wapi. Nikasema mbele, moja kwa moja, machoni mwa Mzee.