Kila Mtu na Mgomba Wake

Yeyo,

Shikamoo mama yangu. Naogopa, na sina mwingine wa kumwambia.

Jumanne mchana ardhi ilitikisika. Si yale matetemeko madogo ya kugonganisha vikombe. Hili lilimwaga sufuria ya makande, na ng'ombe akakata kamba. Nikatazama juu: Mlima Meru uko palepale, kimya, na wingu lake shingoni. Redioni wamesema mlima wetu umelala, tetemeko limetoka mbali. Haya. Lakini aliyelala si huamka?

Kaka Loti akapiga simu kutoka Njiro, kule mjini. "Funga virago, mlete mtoto huku. Mnangoja nini hapo mlimani?" Njiro nako kulitikisika, ila yeye ana geti, basi anajiona salama! Nikamjibu vibaya, kisha nikaingia ndani nikalia. Umelala hapa, kati ya migomba yako, na udongo huu mweusi uliotulisha ni majivu ya mlima huohuo. Nikiondoka nakuacha na nani? Na nikibaki, halafu... Siwezi hata kumalizia.

Unakumbuka mchezo wako? Ardhi ikianza tu, unapiga kelele, "Kila mtu na mgomba wake!" Tunakimbia, tunakumbatia, wewe unacheka mpaka kanga inadondoka. Wa kwanza kuachia ndiye atakayechota maji. Tulidhani ni raha tupu.

Jumanne nilimfanyia mwanangu Neema vivyo hivyo. Alikumbatia mgomba ulio kando ya kaburi lako, nikasimama nyuma yake, mkono mgongoni mwake, nikicheka kwa nguvu. Majani yakatulia. Neema akageuka: "Mama, mbona bado inatikisika?"

Yeyo, ulikuwa mkono wangu.

Hapo nikaukumbuka wako mgongoni mwangu, ukitetemeka hata baada ya majani kutulia, nami nikidhani ni ardhi. Kumbe uliogopa hivi! Miaka yote ile, jamani, na kicheko kile. Na bado hukuondoka.

Nimemwambia Loti tunabaki. Hofu haijaisha, nisikudanganye. Viatu vya Neema naviweka mlangoni. Lakini nakuahidi, ikija tena atanisikia nikicheka kwanza. Akiwa mkubwa nitamwambia kilichokuwa kikitetemeka.

Pumzika, Yeyo. Mgomba wako nimeushika mimi.

Mwanao,
Nashipai