Ilungu Si Tanuru

Jumanne, Mollo

Nimeshinda ugomvi, na sasa najuta.

Asubuhi mhariri alinipigia kutoka Dar. Anataka neno "ilungu" liwe "tanuru" katika kitabu changu chote, eti msomaji wa Tanga hataelewa. Nikamwambia tanuru ni la kuchomea matofali. Ilungu ni lile la udongo, refu kuliko mtu, ambamo Wafipa walipatia chuma.

"Mzee, ni neno moja tu."

Nikamfokea kwamba hata herufi moja haiguswi. Akanywea. Kitabu kinakwenda mtamboni kesho.

Mchana nikamsomea mama ukurasa ule, nikitafuta sifa. Alikuwa anapepeta ulezi. Marehemu baba yake alikuwa mfua chuma.

"Umeandika ilungu liliyeyusha chuma. Nani kakwambia?"

"Ndiyo Kiswahili chake, mama."

"Kinachoyeyushwa ni samli, Deo. Babu yako alilipamba ilungu kama bibi harusi, halafu likazaa. Ilungu huzaa, mwanangu. Na wewe ndiye mwandishi!" Akacheka mpaka ulezi ukamwagika.

Mimi sikucheka. Miaka yote nawashambulia wanaotuandika kwa macho ya wageni. Leo nimepigania jina la kitu, kumbe kazi yake nimeieleza kwa lugha ya kitabu cha shule.

Nimesahihisha kurasa zote: lilizaa, lilizaa. Sasa lazima mhariri yuleyule akubali kugusa herufi.

Nimempigia mara tatu. Hapokei. Ningekuwa yeye, nisingepokea.